Una Nini Nyumbani Mwako? Kushinda Kukata Tamaa na Kumtumainia Mungu Upya Wakati wa Dhiki

(Mada iliyotolewa kwa viongozi wa Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo katika semina ya Kwaresima iliyoandaliwa na Tume ya Haki na Amani)



Ndugu wapendwa, viongozi wa jumuiya, makatekista, akina mama na akina baba, nanyi vijana mlioacha shughuli zenu ili mje kusikiliza: nimeombwa niseme nanyi juu ya kukata tamaa, na juu ya namna ya kumtumainia Mungu upya katika nyakati ngumu. Mada hii ni pana. Iko dhiki ya ukame, iko ya ugonjwa, iko ya ndoa, iko ya kukosa kazi. Leo nimechagua dhiki moja tu, kwa sababu ndiyo inayobisha hodi ofisini kwetu kila juma, na kwa sababu watu huona aibu kuitaja. Hiyo ni dhiki ya madeni. Tukiielewa hiyo tutaweza kuzielewa na nyingine, kwa maana kukata tamaa kuna sura nyingi lakini mzizi wake ni mmoja.

Naanza kwa kukiri kosa langu mwenyewe.

1. Mama aliyeondoka usiku

Miaka michache iliyopita, katika parokia niliyokuwa nikihudumu, mama mmoja alinisubiri nje ya sakristia baada ya Misa ya kwanza. Simtaji jina, ila yeye mwenyewe ameniruhusu nisimulie habari zake. Alikuwa akiuza uji na maandazi karibu na kituo cha mabasi. Aliniambia, "Baba, naomba uniombee, mambo yamenizidi." Nami nilikuwa na haraka, kwa kuwa nilitazamiwa kigangoni kwa Misa ya pili. Nikamwekea mkono kichwani, nikasali sala fupi, nikamwambia, "Mama, sali sana, Mungu atafungua njia." Kisha nikapanda pikipiki nikaenda zangu. Sikumwuliza ni mambo gani yaliyomzidi.

Siku nne baadaye mama yule hakuonekana tena. Aliondoka usiku, akawaacha watoto wake watatu kwa bibi yao. Ndipo tulipoanza kupata habari kipande kwa kipande. Mtoto wake mdogo alipolazwa hospitali, alikopa shilingi 200,000 kwa mkopeshaji wa mtaani, kwa sharti kwamba arejeshe 260,000 baada ya siku 30. Aliposhindwa, akakopa kwa mwingine ili amlipe wa kwanza. Kisha akajiunga na kikundi ambacho wanachama wake hudhaminiana, akakopa tena ili awalipe wote wawili. Siku ya marejesho ilipofika naye hana kitu, wanakikundi waliingia nyumbani kwake wakachukua godoro, jiko, na ile sufuria kubwa aliyopikia uji. Watu huiita mikopo ya namna hii "kausha damu", na jina hilo halihitaji ufafanuzi.

Hayo si yote. Miongoni mwa waliochukua vyombo vyake, wawili walikuwa wanajumuiya wenzake, na mmoja wao ndiye aliyekuwa akiongoza rozari. Sisemi hivi ili niwahukumu, kwa maana nao walikuwa wamebanwa: fedha ile isingepatikana siku ile, vyombo vyao wenyewe vingechukuliwa. Na Jumapili iliyotangulia, mimi paroko wao nilikuwa nimeruhusu yasomwe kanisani majina ya wale ambao hawajamaliza mchango wa ujenzi. Jina la mama yule lilikuwa la tisa.

Basi, ndugu zangu, mama yule alipotazama mbele yake aliwaona wadai. Alipoitazama jumuiya yake, aliiona imo katika kundi la wadai. Alipolitazama Kanisa, aliona orodha ya madeni. Na alipomwendea padri, alipata sala ya nusu dakika. Ni nani basi atakayeshangaa ikiwa alidhani kwamba hata Mungu amekuwa mmoja wa wanaomdai?

Huo ndio mzizi niliousema. Mtu anaweza kubeba umaskini mkubwa kwa miaka mingi asikate tamaa. Hukata tamaa siku anapoamini kwamba yuko peke yake na mzigo wake, na kwamba kila mlango anaoujua una mdai nyuma yake.

2. Kukata tamaa ni jeraha kabla ya kuwa dhambi

Kanisa linafundisha kwamba kukata tamaa ni kosa dhidi ya fadhila ya matumaini, ambapo mtu huacha kutazamia kutoka kwa Mungu wokovu wake, msaada wake na msamaha wa dhambi zake. Katekisimu ya Kanisa Katoliki inalieleza jambo hili katika namba 2091. Lakini namba inayofuata inataja kosa la upande wa pili, nalo ni kutumaini kwa kiburi: mtu kudhani kwamba aweza kujiokoa mwenyewe pasipo Mungu, au kwamba Mungu atamwokoa pasipo yeye kuongoka. Makosa haya mawili ni ndugu. Mwenye deni akiahidiwa kwamba akitoa sadaka kubwa deni litafutika kwa muujiza, naye akaamini, halafu akaona deni liko pale pale, hutoka katika kosa la pili na kutumbukia katika la kwanza.

Hata hivyo yatupasa tupambanue vema. Mtu asemaye, "Nimechoka, sioni njia," hajatenda dhambi. Nabii Eliya aliketi chini ya mti jangwani akamwomba Mungu autwae uhai wake (1 Wafalme 19). Mungu hakumkemea. Alimpelekea malaika mwenye mkate na maji, akamwacha alale, akamlisha tena mara ya pili, na baada ya hayo ndipo akamkumbusha kwamba safari bado ni ndefu. Mungu alianza na chakula na usingizi kabla ya mafundisho. Naye Yobu aliilaani siku ya kuzaliwa kwake, akamlalamikia Mungu kwa maneno makali. Rafiki zake walimtetea Mungu kwa hotuba ndefu na nzuri. Mwishoni Mungu alisema kwamba aliyenena yaliyo sawa ni Yobu, wala si wao. Basi kiongozi wa jumuiya amwambiaye mwenye dhiki, "Imani yako ni haba," ajue kwamba ameketi katika kiti cha rafiki za Yobu.

Tena niseme neno moja juu ya wale waliojiua kwa sababu ya dhiki. Katekisimu, katika namba 2282 na 2283, inafundisha kwamba mahangaiko makubwa ya nafsi na hofu kubwa vyaweza kupunguza uzito wa hatia ya mtu, na kwamba hatupaswi kukata tamaa juu ya wokovu wao, bali Kanisa huwaombea. Kwa hiyo familia zao zisinyooshewe vidole, wala zisiachwe kulia peke yao. Na mtu akikuambia kwamba anafikiri kujiua, usimwache hata saa moja peke yake, wala usikubali iwe siri kati yenu wawili. Ketini naye, waiteni ndugu zake, mpelekeni kwenye kituo cha afya. Kumwendea mganga wa hospitali kwa ajili ya ugonjwa wa nafsi si kukosa imani, kama vile kumwendea kwa ajili ya malaria si kukosa imani.

3. Mjane na mtungi wa mafuta

Katika Kitabu cha Pili cha Wafalme, sura ya nne, tunasoma habari ya mama mwingine mwenye deni. Alikuwa mjane wa mtu mmoja wa chama cha manabii, mtu mcha Mungu aliyekufa akiacha deni. Sasa mdai amekuja kuwachukua wana wake wawili wawe watumwa wake. Tazameni kwamba uchaji wa Mungu haukuizuia nyumba hiyo isipatwe na deni. Na tazameni njia aliyopita mama huyu kutoka katika dhiki yake, kwa maana hatua zake nne ni mafundisho kwetu.

Hatua ya kwanza: alilia kwa sauti. Hakuficha. Alimwendea Elisha akamweleza jambo lote, na deni na mdai na watoto. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humfichua. Nasi tumezoea kuwa na jumuiya ambamo watu husali kwa ajili ya wagonjwa, wasafiri na marehemu, lakini hakuna hata siku moja mtu aliyethubutu kusema, "Mniombee, nadaiwa." Aibu imekuwa na nguvu kuliko sala. Kuilalamikia dhiki mbele za Mungu ni sala halisi, na Zaburi nyingi ni malalamiko ya namna hiyo. Anayelalamika mbele za Mungu angali anaamini kwamba yuko Mtu anayemsikiliza.

Hatua ya pili: aliulizwa ana nini. Elisha hakumpa fedha, wala hakumfukuza kwa baraka tupu kama nilivyofanya mimi. Alimwuliza maswali mawili: anataka atendewe nini, na ana nini nyumbani mwake. Mama akajibu kama ajibuvyo kila aliyekata tamaa, kwamba hana kitu; kisha akakumbuka mtungi mmoja wa mafuta. Kukata tamaa humpofusha mtu asione kilichobaki. Huona tu kilichochukuliwa. Mama yetu wa uji alinyang'anywa sufuria, lakini hakunyang'anywa ujuzi wa kupika, wala wateja waliomzoea, wala mikono yake. Kazi ya anayemsaidia mwenye dhiki ni kuuliza kwa heshima na kwa subira mpaka mtungi ule ukumbukwe. Mungu hapendi kumfanya mtu wake ombaomba. Huanza na kile kidogo kilichomo ndani ya nyumba yake.

Hatua ya tatu: aliazima vyombo kwa majirani. Hapa lugha yetu ya Kiswahili inatusaidia, kwa sababu inatofautisha kukopa na kuazima. Anayekopa hurudisha thamani, na mara nyingi kwa riba. Anayeazima hurudisha kitu kile kile, na katikati yao hakuna riba ila ujirani. Mama aliyeumizwa na kukopa alitumwa kuazima. Ilimpasa kubisha hodi mlango kwa mlango katika mtaa ule ule ambao bila shaka ulikwisha kujua aibu yake, aombe vyombo vitupu, tena visiwe vichache. Kisha akajifungia ndani na wanawe, akamimina, na mafuta yakaendelea kutoka hadi mwana wake aliposema hakuna chombo kingine. Ndipo mafuta yakakoma.

Ndugu zangu, tulitafakari neno hilo. Uwezo wa Mungu haukukoma. Vyombo ndivyo vilivyokoma. Kipimo cha msaada ambao mama yule aliupokea kilikuwa idadi ya vyombo ambavyo majirani walikubali kuvitoa. Muujiza ulikuwa wa Mungu, lakini vyombo vilikuwa vya jumuiya. Maaskofu wa AMECEA walipozifanya Jumuiya Ndogo Ndogo kuwa kipaumbele cha uchungaji, katika mikutano yao ya mwaka 1973 na 1976, walitaka Kanisa liwe mahali ambapo watu hujuana kwa majina na kwa shida zao. Jumuiya ambayo hukutana kila juma isijue kwamba mwenzao halali usiku kwa ajili ya deni, ni mtaa ulioficha vyombo vyake.

Hatua ya nne: alilipa deni. Nabii hakumfundisha kukimbia wala kudhulumu. Alimwambia auze mafuta, alipe, kisha yeye na wanawe waishi kwa kilichobaki. Dawa ya deni ni kulipa. Kumtumainia Mungu hakutuondolei uaminifu wetu. Lakini angalieni mwisho wa maneno yale: baada ya kulipa, kibaki cha kuishi. Malipo yasiyomwachia mtu cha kuishi si haki, hata kama karatasi ilitiwa sahihi.

4. Matumaini hayatenganishwi na haki

Kwa nini Tume ya Haki na Amani ishughulike na kukata tamaa, jambo ambalo laonekana kuwa la rohoni? Kwa sababu watu wengi hawakati tamaa kwa bahati mbaya, hukatishwa tamaa. Iko mikono inayowakatisha. Kuwahimiza tu watumaini bila kuigusa mikono hiyo ni kuwapa maneno mahali pa mkate.

Sheria ya Musa ililijua jambo hili. Katika Kitabu cha Kutoka, sura ya 22, aliyemkopesha maskini amekatazwa kumtoza riba, na akichukua vazi lake kuwa rehani ameamriwa amrudishie kabla jua halijatua, kwa sababu ndilo analojifunika usiku. Katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 24, imekatazwa kuchukua rehani jiwe la kusagia, kwa sababu kufanya hivyo ni kuchukua uhai wa mtu. Tena mkopeshaji haruhusiwi kuingia ndani ya nyumba kuchukua rehani; sharti asimame nje, mwenye nyumba amletee. Jiwe la kusagia la leo ni cherehani, ni sufuria ya uji, ni baiskeli ya kubebea mkaa. Vazi la leo ni godoro la watoto. Na mlango ambao Mungu alimkataza mdai kuuvuka ndio unaovukwa kila juma katika mitaa yetu.

Nabii mwingine wa jambo hili ni mlei, kiongozi wa serikali: Nehemia. Alikuwa katika kazi takatifu ya kuujenga upya ukuta wa Yerusalemu. Katikati ya ujenzi, sura ya tano, maskini wakapiga kelele kwamba wameweka rehani mashamba na nyumba zao ili wapate nafaka, na kwamba watoto wao wamekuwa watumwa wa ndugu zao wenyewe. Nehemia alikasirika. Kisha akafanya mambo matatu: aliwakemea wakubwa waziwazi, akaitisha mkutano wa wote, na akakiri mbele yao kwamba yeye na ndugu zake nao walikuwa wakikopesha watu. Alianza na nyumba yake. Wakopeshaji wakaapa kurudisha mashamba na riba. Ukuta ulikamilika baadaye, katika sura ya sita. Nilipousoma mpangilio huo baada ya mama yule kuondoka, niliona haya, kwa maana mimi niliutanguliza ukuta.

Mafundisho ya Kanisa yamesimama hapo hapo. Papa Leo wa 13, katika waraka wake wa mwaka 1891 juu ya hali ya wafanyakazi, aliitaja riba ya unyonyaji kuwa moja ya mambo yaliyozidisha mateso ya maskini. Mwaka 1994 Papa Yohane Paulo wa Pili, akiliandaa Kanisa kwa Yubilei ya mwaka 2000, alihimiza kwamba madeni ya nchi maskini yapunguzwe sana au yafutwe kabisa. Watu wengi duniani, wakiwemo Wakristo wa kawaida wa parokiani, walipaza sauti. Mwaka 2001 Tanzania ilipata msamaha mkubwa wa madeni, na mwaka huo huo karo ya shule za msingi za serikali ilifutwa. Baadhi yenu hapa ni watoto wa uamuzi ule. Na Papa Fransisko, katika hati ya kuitangaza Yubilei ya mwaka 2025, iliyotolewa tarehe 9 Mei 2024, aliyaomba tena mataifa tajiri kusamehe madeni ya nchi zisizoweza kulipa. Kama tunaomba mataifa yasamehe, je, sisi kwa sisi mtaani tunafanya nini?

Sheria ya nchi nayo si bubu. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inamtaka kila afanyaye biashara ya kukopesha awe na leseni. Benki Kuu iliweka kikomo cha riba kwa wakopeshaji wadogo kuwa asilimia 3.5 kwa mwezi. Kwa shilingi 200,000, hiyo ni 7,000. Mama yetu alitozwa 60,000. Mwezi Novemba 2024 Benki Kuu ilizipiga marufuku programu 69 za kukopesha kwa simu zilizokuwa zikifanya kazi bila kibali. Asiyejua haya hudhani kwamba anayemnyonya ana haki yote upande wake, naye hukata tamaa upesi zaidi. Kwa hiyo kumfundisha mtu sheria ni tendo la huruma.

5. Na mafuta yasipobubujika?

Najua swali lililo mioyoni mwenu. Mtasema, "Baba, wako waliolia, wakafungua milango, wakaomba kwa majirani, na deni liko pale pale, na mtoto amekufa, na mvua haikunyesha." Ni kweli. Sitawadanganya. Zaburi ya 88 huanza kwa kilio na kuishia gizani, na Kanisa halikuiondoa katika vitabu vyake vya sala. Humo tunafundishwa kwamba iko sala ambayo haijapata jibu, na bado ni sala.

Kumtumainia Mungu hakuna maana ya kuwa na hakika kwamba mambo yatakwenda kama tunavyotaka. Maana yake ni kuwa na hakika kwamba Mungu hajajitenga nasi, hata mambo yanapokwenda vibaya. Yesu mwenyewe msalabani alilia kilio cha aliyeachwa, lakini alimlilia Baba. Hakunyamaza, wala hakugeuka. Na Baba hakumteremsha msalabani siku ya Ijumaa. Alimfufua siku ya tatu. Katikati ilikuwako Jumamosi moja ndefu, ambayo mitume waliipita wakiwa na hofu.

Watazameni mitume wawili usiku ule. Petro alimkana Bwana, na Yuda alimsaliti. Wote wawili walijuta. Yuda alikwenda zake peke yake na majuto yake. Juu ya hukumu yake hatusemi, ni ya Mungu. Petro alilia kwa uchungu, lakini asubuhi ya Pasaka tunamkuta pamoja na wenzake. Hakuwa na imani kubwa asubuhi ile. Alikuwa tu mahali ambapo habari njema ingeweza kumfikia. Ndiyo maana namwambia kila aliye katika giza: kama huwezi kusali, keti pamoja na wanaosali. Kama huwezi kutumaini, wakae karibu nawe wanaoweza kutumaini kwa niaba yako kwa muda. Na ninyi viongozi, msimwache Petro wenu akae nje.

6. Tufanye nini?

Naleta kwenu mapendekezo matano, mkayajadili katika jumuiya zenu.

Kwanza, kila jumuiya ichague watu wawili, mwanamume na mwanamke, wenye kifua cha kutunza siri, ambao mwenye dhiki ya deni aweza kuwaendea pasipo hofu. Kazi yao ya kwanza ni kusikiliza na kuuliza maswali ya Elisha.

Pili, mtu asitie sahihi mkopo peke yake. Kabla ya kukopa, aketi na wawili hao, wapige hesabu ya riba kwa kalamu na karatasi, na waulize leseni ya mkopeshaji. Wahenga wetu walikwisha kutuonya kwamba kukopa harusi, kulipa matanga.

Tatu, tuimarishe mifuko yetu ya kuweka na kukopeshana, yaani VICOBA na SACCOS, kwa riba ndogo na kwa kanuni kwamba mwanachama akiuguliwa au akifiwa apewe muda. Wala asiingie mtu nyumbani mwa mwingine kuchukua chombo anachofanyia kazi.

Nne, wanawake, vijana na watu wenye ulemavu wafuatilie mikopo isiyo na riba inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri. Ilisimamishwa mwaka 2023, ikarejeshwa mwaka 2024. Hiyo ni haki ya kudaiwa kwa utaratibu, wala si fadhila ya mtu. Tume iwasaidie kuandika maombi, na iulize hadharani wanapozungushwa.

Tano, na hili ni letu sisi mapadri na halmashauri za walei: majina ya wasiomaliza michango yasisomwe tena kanisani. Anayeshindwa atembelewe nyumbani, na atembelewe ili ajulikane hali yake. Mungu hajengewi nyumba kwa matofali ya aibu ya maskini wake.

7. Hitimisho

Mtapenda kujua habari za yule mama. Alikaa mbali miezi minane, akifua nguo za watu katika mji mwingine. Aliyemrudisha si mimi. Ni yule mama mwongoza rozari. Nilipokuwa nimeomba radhi mbele ya waamini, na jumuiya yao ilipoisoma sura ya tano ya Nehemia, mama huyo hakusema kitu. Lakini baada ya majuma mawili alitafuta mahali ambapo sufuria ile ya uji iliuzwa, akaikomboa kwa fedha yake, akapata kwa bibi habari za mahali alipo mwenzake, akapanda basi na sufuria mapajani. Aliniambia baadaye kwamba njia nzima alitunga maneno ya kuomba msamaha, na alipofika hakuyakumbuka hata moja. Aliiweka tu sufuria chini wakalia wote wawili.

Mama alirudi. Jumuiya iliketi na wadai mbele ya mwenyekiti wa mtaa, wakakubaliana alipe fedha aliyokopa, bila zile riba zilizozaana, kidogo kidogo kwa miezi 14. Amelipa. Hakuna muujiza wa kusimuliwa mbali. Lakini siku moja aliniambia, "Baba, nilipoiona sufuria yangu mlangoni, ndipo nilipojua kwamba Mungu hanidai." Sijapata kusikia fundisho bora kuliko hilo juu ya matumaini, nami nimesoma vitabu vingi seminarini.

Kila siku tunasali Baba Yetu, na Mathayo, katika ombi la msamaha, ametumia neno la Kigiriki lenye maana ya madeni. Baba huyo hatudai; ametulipia. Basi nendeni mkaulize kila nyumba iliyofungwa kuna nini ndani yake, na mkifika, msiende mikono mitupu. Chukueni chombo. Mungu atajua namna ya kukijaza.

Maswali ya kujadiliana katika jumuiya

1. Je, katika jumuiya yetu mtu aweza kusema waziwazi kwamba anadaiwa? Kinachomzuia ni nini?

2. Ni desturi gani zetu za michango, sherehe na marejesho zinazowaongezea wenzetu mzigo?

3. Ni nani katika mtaa wetu ameacha kuonekana katika sala? Nani atamwendea juma hili, na atambebea nini?